Je, Windows ndiyo inayochelewesha Chrome? Jibu kwa msomaji wa Wete

Swali: "Assalaam alaykum, mwalimu. Mie nina duka la steshenari hapa Wete, Pemba. Watu wanakuja kuchapisha, kutoa kopi na kujaziwa fomu za mtandaoni: mikopo ya chuo, maombi ya kazi, na mambo kama hayo. Nina laptop tatu za mtumba, zote i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, hadidiski ya kuzunguka, Windows 10. Chrome imekuwa nzito mno. Nikifungua fomu ya pili, ya kwanza inaganda, na mteja anaanza kutazama saa. Mdogo wangu anayesoma chuo Tunguu anasema kosa ni la Windows, nikitia Linux Chrome itapaa. Rafiki yake anasema kivinjari ni kivinjari tu, mfumo endeshi hauhusiki. Nimsikilize nani? Nataka kujua kabla vijana hawajaanza kumiminika kwa fomu za mikopo."

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Yule rafiki anazungumzia kasi ya kivinjari kikiwa kimepewa kila kinachotaka. Mdogo wako anazungumzia kasi unayoiona wewe dukani, mteja kasimama mbele yako. Hizo ni kasi mbili, na laptop zako zinaumwa hiyo ya pili.

Nikwambie mapema ninachokushauri, usije ukachoka njiani: toa hadidiski utie SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ongeza RAM ifike GB 8, halafu ndipo tuzungumze habari ya Linux. Sababu ya kuihama Windows 10 ipo, tena nzito, lakini si hiyo ya Chrome kupaa.

Chukua mfano wa mpishi wa shughuli. Ni mpishi yule yule, mkono ule ule wa pilau, leo kaitwa nyumba hii, kesho nyumba ile. Mwenye nyumba hashiki mwiko. Lakini ndiye anayetoa kuni, kisima ni chake, yeye ndiye ajuaye masufuria yako wapi, na ndiye anayeamua watoto wapite jikoni au wafukuzwe. Kivinjari ni mpishi, mfumo endeshi ni mwenye nyumba.

Mpishi huyo ana jina. Ndani ya Chrome mna injini iitwayo Blink, inayochora ukurasa, na nyingine iitwayo V8, inayoendesha JavaScript, yaani zile amri zinazofanya fomu ikukatalie namba ya kitambulisho ikikosa tarakimu moja. Edge, Opera na Brave zimejengwa juu ya injini hizo hizo. Firefox ina yake, Gecko, na Safari ina WebKit. V8 inachukua JavaScript ya tovuti na kuigeuza kuwa lugha ya prosesa, na prosesa ya Intel iliyomo ndani ya laptop yako haijui kama juu yake pana Windows au Linux. Wakati Chrome inapiga hesabu, mfumo endeshi umekaa pembeni unatazama.

Ndiyo maana ukichukua kompyuta moja, toleo moja la Chrome, ukalipima kwa kipimo kama Speedometer kwenye Windows kisha kwenye Linux, aghalabu alama zinakaribiana. Speedometer ni ukurasa wa kupimia vivinjari. Toleo lake la 3 lilitoka Machi 2024, na safari hii Apple, Google, Microsoft na Mozilla, mahasimu wa siku zote, walilitengeneza pamoja. Kazi yake ni kujifanya mtumiaji mwenye haraka, anaandika, anabofya, anafuta, huku likihesabu muda unaopotea. Kwa hoja ya rafiki wa mdogo wako, hicho ni kipimo kizuri. Kwa duka lako hakitoshi, kwa sababu kinampima mpishi akiwa na sufuria moja tu jikoni. Wewe una sufuria tano na kuni za moja.

Kuni ni RAM, yaani kumbukumbu ambamo kompyuta inaweka kazi iliyo mkononi, na hapa nitakaa kidogo maana shida yako iko hapa.

Tangu Chrome ilipotoka Septemba 2008 imejengwa kwa kugawa kazi katika michakato mingi, yaani programu ndogo ndogo zinazojitegemea, ili ukurasa mmoja ukianguka usiuvute na mwingine. Ni mpango mzuri, lakini kila mchakato unataka sehemu yake ya RAM. Januari 2018 dunia ikajulishwa kuhusu Spectre na Meltdown, udhaifu uliokuwa ndani ya prosesa zenyewe, ambao ungeweza kuuruhusu ukurasa mmoja kuchungulia siri za mwingine. Mwaka huo huo Google wakaongeza ukuta: tovuti mbili tofauti hazikai tena katika mchakato mmoja, hata kama moja imepachikwa ndani ya nyingine. Wenyewe walisema ukuta huo unaongeza matumizi ya RAM kwa asilimia 10 hadi 13. Kwa hiyo ukurasa wa gazeti wenye matangazo kutoka sehemu nne unaweza kuwa michakato mitano, na wewe machoni pako ni kichupo kimoja.

Sasa piga hesabu ya kaunta yako. Windows 10 ikiwa imewashwa tu, haijafanya kazi yoyote, inaweza kula karibu GB 2, pamoja na antivairasi yake. Kadi ya picha ya Intel haina RAM yake, inakopa humo humo. Unabakiwa na GB moja na nusu na kitu. Fungua fomu ya mkopo. Fungua barua pepe ya mteja, kwa sababu fomu imemtumia msimbo huko. Fungua WhatsApp ya kwenye kompyuta, maana vyeti vyote vya Wete siku hizi vinakuja kwa WhatsApp. Kuni zimekwisha, na mteja wa pili bado hujamsikiliza.

RAM ikijaa, mfumo endeshi haukwambii "nimeshindwa". Unachukua vilivyokaa bila kuguswa na kuvihamishia kwenye diski, na ukivitaka tena unavirudisha. Windows inafanya hivyo, Linux inafanya hivyo. Hadidiski ya laptop kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11, na juu ya hapo kuna muda wa kichwa cha kusomea kusogea hadi mahali pake. Kwa faili moja kubwa si kitu. Lakini vipande vya kumbukumbu vilivyotawanyika ni maelfu, na kila kimoja kinadai safari yake. Fomu yako ya kwanza "inapoganda", haikuganda; inavutwa kipande kipande kutoka kwenye sahani inayozunguka. SSD haina sahani wala kichwa, inajibu chini ya milisekunde 1, na ndiyo maana laptop ile ile, Windows ile ile, ikitiwa SSD mtu huapa kwamba umemuuzia nyingine.

Usinisadiki mimi. Siku duka likiwa limejaa na Chrome imeganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafungua dirisha lenye safu za prosesa, RAM na diski. Ukiona diski imesimama kwenye asilimia 100 ilhali prosesa iko 20 au 30, umeshampata mchawi. Halafu ndani ya Chrome yenyewe bonyeza Shift na Esc, utaona kila kichupo kinakula kiasi gani. Wengi wanapofanya hivyo mara ya kwanza hushangaa, kwani mlaji mkubwa huwa ni kile kichupo walichokisahau tangu asubuhi.

Je, Linux hapa inasaidia? Inasaidia, na mdogo wako apewe haki yake. Linux Mint yenye mazingira mepesi ya Xfce ikiwashwa tu kwa kawaida hutumia chini ya GB 1. Umeokoa kama GB 1, na kwa mtu mwenye 4 hiyo si haba. Lakini fomu ya mkopo ikishafunguliwa inakula kiasi kile kile pande zote mbili, kwa sababu anayekula ni Chrome. Kwa hiyo umeisogeza siku ya kuganda kwa vichupo vitatu vinne. Ukizidisha, sahani ile ile itazunguka na mteja yule yule atatazama saa. Mifumo yote miwili inajua pia kuibana kumbukumbu ili ienee, Windows 10 tangu 2015 na Linux kwa njia iitwayo zram, basi hapo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Ukienda kununua, kumbuka laptop za kizazi cha nne zinatumia RAM aina ya DDR3L, ya volti 1.35. DDR4 haiingii, hata muuzaji akikuapia. Ifungue kwanza moja uone ina nafasi ngapi, maana baadhi zina RAM iliyolehemewa na nafasi moja tu ya kuongezea. SSD unayotaka ni ile ya inchi 2.5 ya SATA, inayokaa pale pale ilipokuwa hadidiski. Kama Wete hupati, agiza Mjini ije na boti. Na ukilazimika kuchagua kimoja kwa mwezi huu, anza na SSD.

Kuna mahali pengine ambapo mwenye nyumba anaonekana wazi, nako ni kwenye picha na video. Mpishi wetu akitaka kuchora ukurasa au kuonyesha video, haigusi kadi ya picha moja kwa moja. Anapitia draiva, programu inayoiongoza kadi, na draiva ni mali ya mfumo endeshi. Chrome kwenye Windows huzigeuza amri zake ziwe za Direct3D, kwenye Mac ziwe za Metal, kwenye Linux ziwe za OpenGL au Vulkan. Ikiiona draiva haiaminiki, inaikataa na kumtwisha prosesa kazi yote ya kuchora. Andika chrome://gpu pale juu panapoandikwa anwani, utaona orodha ya kazi na mbele ya kila moja kama inafanywa na kadi au na prosesa. Laptop nyingi za mtumba zimetiwa Windows upya na fundi aliyekuwa na haraka, na draiva ya picha hajaitia. Kwa macho zinafanya kazi. Ukiteremsha ukurasa, unateremka kwa kushtukashtuka kama gari la ng'ombe.

Kwenye video hali ni ya kuchekesha kidogo, maana hapa Linux ndiyo iliyokuwa nyuma. YouTube hupenda kutuma video kwa VP9 au AV1, namna mpya za kubana video, ambazo zinabana data vizuri. Kadi ya picha ya i5 ya kizazi cha nne inaifasiri H.264, namna ya zamani, bila taabu, lakini VP9 kamili Intel walianza kuitia kwenye kizazi cha saba. Kwa laptop zako, basi, prosesa ndiyo inayobeba VP9, feni inalia, na hilo halibadiliki kwa kuhama mfumo. Dawa ni kiendelezi cha aina ya h264ify, kinachoiambia YouTube itume H.264. Lakini hata hiyo H.264, kwenye Linux vivinjari kwa miaka mingi havikuwa vikiipeleka kwenye kadi bila mtu kuhangaika na mipangilio. Firefox iliiwasha yenyewe kwa kadi za Intel kwenye Linux katika toleo la 115, Julai 2023. Kwa hiyo mtu anayehamia Linux kwa ajili ya kasi halafu akaona YouTube imechemsha laptop kuliko zamani, hajarogwa. Wewe kazi yako ni fomu, hili halikugusi sana, ila mdogo wako alijue asije akashangaa.

Na kwa kuwa nimetaja kuchemka, niseme na hili. Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, chumba cha duka chenye paa la bati ni tanuri. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue; haimwombi ruhusa Windows wala Linux. Laptop ya mtumba mara nyingi inakuja na vumbi la nchi ilikotoka, huku inaongezewa la kwetu lenye unyevu wa chumvi, na baina ya feni na bomba za kupoozea panaota kitu kama godoro. Mimi nikiletewa laptop "nzito" hushika bisibisi kabla ya kushika flashi. Fundi akifungua kutia SSD, mwambie asafishe feni na abadilishe ule udongo mweupe wa juu ya prosesa. Umeme ukikatika nao ni hivyo hivyo: ukibaki kwenye betri, Windows na Linux zote mbili hupunguza kasi ili chaji idumu, na unaweza kuamua lipi litangulie kwenye mipangilio ya nishati.

Turudi kwa mwenye nyumba na watoto wanaopita jikoni. Hapa Windows inastahili lawama yake. Antivairasi yake hukagua mafaili yanapoandikwa na kusomwa, na kivinjari ni mwandishi wa mafaili madogo mchana kutwa, maana kila picha na kila kipande cha ukurasa huwekwa akiba kwenye diski. Juu ya hadidiski, ukaguzi huo unasikika. Firefox ilipata masaibu ya pekee: mwaka 2018 watu waliripoti kwamba antivairasi ya Windows inaitumia prosesa kupita kiasi Firefox ikiwa wazi, na ufumbuzi ulipatikana mwaka 2023, Microsoft na Mozilla wakishirikiana. Miaka mitano! Aliyekuwa akisema wakati ule kwamba Firefox ni nyepesi zaidi kwenye Linux alikuwa na haki, na sababu ilikuwa nje ya Firefox.

Wala usiizime antivairasi kwa kusoma haya. Duka linalochomekwa flashi za watu kumi kwa siku ndilo linaloihitaji kuliko nyumba yoyote.

Jambo la pili ni masasisho. Windows hujiteremshia masasisho yake wakati wowote inaopenda, na wewe unalipia bando. Saa nne asubuhi laptop tatu zikianza kuteremsha pamoja kupitia simu moja iliyowashwa hotspot, ukurasa wa fomu hautafunguka, na utasema Chrome. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi unayotumia, washa lile chaguo linaloiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Itapunguza ulafi. Usiku wa siku moja kwa wiki lizime, uziachie zisasishe. Linux nayo ina masasisho, lakini Mint hukuonyesha alama pale chini na kukungoja uamue.

Kuhusu mtandao wenyewe sitakaa sana, kwa sababu mfumo endeshi una sauti ndogo hapo. Namna ya kupima mwendo wa data inaamuliwa zaidi na upande unaotuma, yaani seva, na siku hizi tovuti kubwa zinatumia QUIC, njia iliyoidhinishwa rasmi mwaka 2021 ambayo kazi hiyo inafanywa ndani ya kivinjari chenyewe badala ya mfumo endeshi. Umbali ndio mzito. Mwanga ndani ya waya wa faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa London, kutoka hapa hadi huko ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 75 hata kama waya ungenyooka kama uzi, na haunyooki. Kufungua ukurasa salama kwa njia ya zamani kunataka safari kama tatu hizo kabla herufi ya kwanza haijafika. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, mwenye Mac na mwenye laptop ya mtumba walikaa baraza moja.

Sasa, wateja wako bila shaka wanakwambia, "Mbona kwenye simu yangu inafunguka haraka?" Simu ndiyo mahali ambapo mfumo endeshi unatawala kuliko kote. Kwenye iPhone, Apple waliweka sharti kwamba kila kivinjari kitumie WebKit. Mtu akitia Chrome kwenye iPhone hapa Zanzibar, ametia vazi la Chrome juu ya injini ya Safari. Blink na V8 hazimo. Umoja wa Ulaya uliwalazimisha walegeze, na wakalegeza Machi 2024, lakini kwa watu wa huko, si wa huku. Kwa hiyo mtu akiuliza kivinjari kipi ni chepesi zaidi kwenye iPhone, jibu langu huwa ni kwamba anachagua rangi ya mlango. Android inaruhusu injini yoyote, ila RAM ikiwa ndogo inakiua kichupo ulichokiacha nyuma bila kubisha hodi. Mteja anayejaza fomu ndefu kwenye simu, akienda WhatsApp kutafuta cheti, akirudi akakuta fomu tupu, ndivyo ilivyokuwa. Na ndiyo sababu bado anakuja kwako.

Nimesema sababu ya kuihama Windows 10 ipo. Microsoft walisimamisha msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025, na nyongeza ya masasisho ya usalama waliyowatangazia watu binafsi ni ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa orodha yao, kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Zako ni za nne. Zipo njia za kuilazimisha iingie na mafundi wanazijua. Mimi sitii kwenye mashine ya biashara kitu ambacho mwenyewe aliyekitengeneza amesema hahusiki nacho.

Chrome haitakuacha siku ile ile. Windows 7 ilimalizika Januari 2020, na Chrome iliendelea kuihudumia hadi toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Lakini siku inafika, na ikifika kivinjari kinabaki pale kilipo: tovuti mpya zinaanza kukataa, mashimo ya usalama yanabaki wazi. Kwako wewe ambaye watu wanaingiza nywila zao na namba zao za vitambulisho kwenye kibodi yako, hilo ni zito kuliko sekunde tano za kuganda. Hapo ndipo Linux inapostahili kuingia dukani: laptop ya mwaka 2014 itaendelea kupata kivinjari cha leo.

Ukishatia SSD na RAM, fanya hivi na mdogo wako, siku ya Ijumaa jioni ukiwa umefunga. Aiandike Linux Mint kwenye flashi na kuiwasha laptop kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha kitu. Windows yako haiguswi. Itachelewa kuwaka, maana flashi ni nzito kusoma, hilo msilihesabu. Muweke Chrome toleo lile lile, laptop ikiwa kwenye chaji pande zote mbili. Kama mdogo wako anataka Speedometer aiendeshe mara tatu, sawa, mfurahishe. Kisha wewe fungua vile vichupo vyako vitano vya kila siku, fomu, barua pepe, WhatsApp na vinginevyo, uwe unahama kutoka kimoja kwenda kingine kwa dakika kumi kama siku ya wateja. Mkono wako utakwambia kuliko alama yoyote. Mint ya kwenye flashi inatumia sehemu ya RAM kama diski, kwa hiyo ikikazana na Windows hapo, ikisakinishwa itakuwa na nafuu zaidi.

Kwa sasa, kabla hujanunua lolote, ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya utendaji, uwashe kiokoa kumbukumbu. Vichupo usivyovigusa vitalazwa na RAM yao itarudi. Usihofie fomu iliyojazwa nusu. Chrome inajitahidi kutokilaza kichupo chenye fomu ambayo mtu ameanza kuijaza. Na vile viendelezi visivyo na kazi, vya kubadilisha rangi na kuteremsha nyimbo, viondoe vyote. Kila kimoja kinakula.

Jambo la mwisho ni la printa, kwa sababu mdogo wako hatalikumbuka na wewe ndilo linalokulisha. Mkiwa bado mmewasha Linux ya kwenye flashi, chomeka printa yako na ile mashine ya kuskani, chapisha ukurasa mmoja, skani cheti kimoja. Nyingi zinakubali zenyewe, lakini zipo zilizotengenezewa draiva ya Windows tu. Ikikataa, usihamishe laptop zote. Tia Linux kwenye mbili za kujazia fomu, ya tatu iache na Windows iwe ya kuchapishia, usiitumie kuingia akaunti za watu, na mafaili yafike kwake kwa flashi.